UZI: Juisi, kahawa baridi na vinywaji vingine visivyo na kilevi kwenye koki – tuvitunzeje visiharibike? (Mwanza na Kanda ya Ziwa karibuni)

Fundi Koki Mza (mwenye uzi)

Mwangaluka wakuu.

Simu ninazopigiwa siku hizi zimebadilika. Zamani ilikuwa baa tu: koki inavuja, bia inatoka povu tupu, rejuleta (kidhibiti cha presha ya gesi) imekufa. Sasa hivi wanaopiga ni wenye vibanda vya juisi, migahawa ya Capri Point, kina dada wa keki na kahawa, hata watu wa kumbi za harusi. Kila mmoja kanunua mnara wa koki wa mtumba na kegi (mapipa ya chuma ya kinywaji) zake mbili tatu, anataka atoe rozela, tangawizi, nanasi au kahawa baridi kwa bomba kama inavyotoka bia. Wazo ni zuri. Kinywaji kinatoka baridi, hakuna chupa za kuhangaika nazo, na shughuli ya watu wengi inahudumiwa na mtu mmoja aliyesimama kwenye koki.

Kinachonisumbua ni hesabu wanayoanza nayo karibu wote: "Bia ya kegi inakaa wiki kadhaa, na bia ndiyo yenye mambo mengi. Juisi isiyo na hata tone la pombe itashindwaje?"

Ni kinyume chake, wakuu. Pombe ni mlinzi. Bia ina walinzi kadhaa kwa mpigo: ina pombe, ina uchungu wa hopsi (maua yanayotiwa kwenye bia), ina asidi kiasi, ina gesi, na sukari yake karibu yote imeshaliwa na chachu, kwa hiyo kijidudu kikiingia humo kinakuta meza tupu. Juisi yako ni meza iliyoandaliwa. Hata bia yenyewe ikiondolewa kilevi (nchi nyingi zinaihesabu hivyo ikiwa chini ya asilimia 0.5) inaharibika kirahisi kuliko dada yake mwenye kilevi, ndiyo maana Brewers Association ya Marekani imewatahadharisha wanachama wake kuhusu kuiuza kwa koki. Kwenye kopo inapikwa ikiwa imefungwa. Kwenye kegi inakutana na mpira, kapla (kiungio cha kwenye kegi) na koki, na huko ndiko wadudu walipo.

Kwa hiyo kinywaji kisicho na kilevi kinataka baridi zaidi na usafi zaidi ya bia.

Baridi. Nyuzi 4 za Selsiasi kushuka chini. Usipime kwa mkono wala kwa glasi kutoa jasho. Weka glasi ya maji ndani ya friji ilale usiku kucha, asubuhi tumbukiza kipimajoto. Friji nyingi za mtumba ninazozikuta mjini hapa zinasimama kwenye 8 au 10 huku mwenyewe akiapa kwamba zinagandisha. Na baridi ni ya njia nzima. Kegi ikiwa kwenye nyuzi 3, halafu mpira unapanda darini chini ya bati ndio ushuke kaunta, hapo kuna juisi imelala kwenye joto mchana kutwa. Mimi nashauri mnara ukae juu ya friji yenyewe, mpira uwe mfupi na uwe ndani ya baridi. Mkifungua asubuhi, kile kilicholala kwenye mpira kimwagwe. Najua inauma kumwaga mali.

Usafi. Baa inayojitambua inaosha mipira kila baada ya siku 14 kwa dawa ya kostiki (magadi makali) ya asilimia 2 hivi, inazungushwa dakika 15, koki na kapla zinafunguliwa zinapigwa brashi, na kila miezi mitatu inapita dawa ya asidi kutoa magamba. Hiyo ni bia. Kwa juisi, osha kila kegi inapoisha, na ikichukua zaidi ya wiki kuisha, osha kila wiki. Sukari inakauka kwenye mdomo wa koki jioni moja tu, inzi wadogo wanajua kabla yako.

Gesi nitaieleza mkiuliza, maana hapo kila mtu ana kinywaji chake.

Jembe la Buhongwa

Nimeweka kambi hapa. Nina kegi mbili zimelala stoo tangu kakangu afunge baa.

Nyanda wa Igoma

Mkuu Fundi, heshima yako, ila naona unatutisha. Mimi nina mashine ya miwa. Juisi ya miwa nikiiweka kwenye friji inafika kesho yake na watu wanakunywa, hakuna aliyekufa. Nikiitia kwenye kegi iliyofungwa, hewa haiingii, nikaisukuma na gesi, si itakaa hata siku tano? Miwa nikikamua mara moja kwa wiki naokoa mafuta ya jenereta na muda.

Fundi Koki Mza

Nyanda, katika vyote ulivyoweza kuchagua umechagua kigumu kuliko vyote. Miwa usiitie kwenye kegi. Kamua mbele ya mteja, na sehemu kubwa ya anacholipia ni kuona mashine ikikamua.

Sababu ya kwanza, inabadilika rangi. Ikishakamuliwa inaanza kwenda kahawia, na gesi haizuii yote. Ya pili, chachu imo tayari kwenye ganda la muwa, na chachu haihitaji hewa kufanya kazi. Ukiifungia kwenye kegi yenye sukari yote hiyo na friji ikapanda joto kidogo, inaanza kuchacha ndani ya chombo kilichofungwa. Unapata vitu viwili usivyoviomba: kilevi, na presha. Kuna mgahawa mmoja niliitwa, koki ikifunguliwa inarusha juisi hadi ukutani, na rejuleta walikuwa wameshaifunga.

Ya tatu wataieleza wenye maabara.

Mhaya wa Pasiansi

Hapo kwenye kuchacha kwetu tunapajua tangu utotoni. Mramba, juisi ya ndizi, unakamuliwa leo, mtamu, watoto wanakunywa. Ukitiwa mtama wa kukaanga na kufunikwa, kesho ni rubisi, yaani pombe, na watoto wanafukuzwa. Hata bila mtama, ukiuacha tu kwenye joto unajiendea wenyewe. Ndugu Igoma usije ukauzia wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT rubisi ya miwa bila kujua.

Jembe la Buhongwa

Watakuja wengi zaidi 😂

MaabaraTu

Nimesomea sayansi ya chakula, niruhusiwe kuongeza kitu kimoja ambacho mwenye uzi amekigusa juu juu: asidi.

Kinywaji kabla hujakitia kwenye kegi, jua pH yake, yaani kipimo cha asidi: namba ikiwa ndogo, asidi ni nyingi. Karatasi za kupimia zinauzwa maduka ya vifaa vya maabara, kipima cha mkononi ni bora zaidi ukikirekebisha mara kwa mara. Mstari wa kukumbuka ni 4.6. Chini ya hapo, bakteria anayeleta botulizimu (sumu ya chakula inayopoozesha mwili) hawezi kukua. Juu ya hapo anaweza, na anapenda mahali pasipo hewa. Kegi iliyosukumwa na nitrojeni au gesi ya kaboni ni mahali pasipo hewa kabisa. Na sumu yake haibadilishi harufu, ladha wala rangi.

Sasa vinywaji vyetu. Rozela na ukwaju viko kwenye 3 au pungufu, hivyo vina asidi kali kweli kweli. Pasheni na limau huko huko. Nanasi liko kati ya 3 na 4, chungwa linaweza kufika 4. Embe lisikudanganye: lisiloiva sana lina asidi nzuri, lililoiva hadi kulainika linaweza kuvuka mstari, kwa hiyo pima kila pipa. Miwa, tikiti, papai na parachichi viko juu ya mstari, parachichi juu sana. Tangawizi iliyochemshwa bila limau iko juu pia, watu hudhani ukali wake ni asidi. Kahawa nyeusi inacheza kwenye 5. Chochote chenye maziwa, sahau habari ya koki.

Lakini msielewe kwamba chini ya 4.6 ni salama moja kwa moja. Mwaka 1996 huko Marekani juisi ya tufaha isiyopikwa, ambayo ina asidi ya kutosha, ilisambaza bakteria aitwaye E. coli O157:H7 na watu wakaugua sana. Asidi inazuia wengine kukua, haiwaui wote walioingia na tunda lenye matope au maji mabaya. Na sisi tuko mji unaojua kipindupindu ni nini. Kwa hiyo asidi NA kupika NA baridi.

Nyanda wa Igoma

Nimekusoma dada/kaka Maabara. Sasa nikikamulia limau na tangawizi kwenye miwa kama tunavyofanya siku zote, si pH inashuka?

MaabaraTu

Dada. Limau linashusha pH ndiyo, ila usikisie, pima. Ukiishusha hadi chini ya 4.6 umeondoa hatari moja, ile ya botulizimu. Chachu bado ipo na inaifurahia hiyo juisi vilevile. Namuunga mkono fundi, miwa ibaki kwenye mashine.

Mama Kahawa

Jamani mmenitia hofu. Mimi ndiye wa kahawa baridi. Nachukua kahawa ya Kagera, naisaga nene, naloweka kwenye maji baridi usiku kucha, nachuja, natia kwenye kegi ya lita 19, napiga nitrojeni. Inatoka na krimu juu kama ile bia nyeusi ya Ireland, wateja wanapiga picha. Fundi aliyenifungia aliniambia kahawa haiharibiki kwa sababu haina sukari, nikaishi hivyo. Sasa naambiwa pH 5, hakuna hewa. Nifunge biashara?

Fundi Koki Mza

Usifunge mama, biashara yako ni nzuri na nitrojeni ndiyo gesi sahihi kwa kahawa. Kanuni zako tu ziwe kali kuliko za wengine humu.

Loweka ndani ya friji, usiloweke mezani. Maji yawe yamechemshwa yakapoa. Ikichujwa iende moja kwa moja kwenye nyuzi 4 na isitoke hapo hata kegi ikiwa haijaunganishwa. Tarehe iandikwe kwenye kegi kwa kalamu isiyofutika, na ikifika wiki moja inamwagwa hata kama imebaki nusu. Tengeneza ya siku chache, usijaze kegi zote kwa mpigo kwa sababu una kegi. Umeme ukikatika muda mrefu, kahawa ndiyo ya kwanza kumwaga.

MaabaraTu

Nakazia. Aliyesema kahawa haiharibiki kwa kuwa haina sukari alikuwa anafikiria chachu peke yake. Na mama, usitie sharubati ya vanila wala maziwa ndani ya kegi. Vitiwe kwenye glasi.

Mama Kahawa

Asanteni sana wanangu. Vanila nilikuwa natia humo humo. Naacha leo.

Baridi Safi

Mimi ni fundi friji, niko Mabatini. Kuhusu umeme, kwa kuwa ndiyo kesi yetu wote.

Kegi iliyojaa inashika baridi muda mrefu kuliko chupa, kwa sababu ni maji mengi mahali pamoja. Friji ikiwa imejaa na mlango haufunguliwi, unaweza kuvuka saa kadhaa. Kinachoua ni kufungua fungua kuchungulia. Nafasi zilizobaki ndani ya friji jazeni chupa za maji; za maji tu siku za kawaida, na mkisikia mgao unakuja gandisheni kwenye friza mhamishie. Kipimajoto kiwe na waya, kichwa ndani, kioo nje, msome bila kufungua. Kinywaji kikivuka nyuzi 5 kwa zaidi ya saa nne, hicho si cha kuuza tena.

Na acheni kuweka friji imebana ukutani upande wa jua la jioni. Nusu ya friji ninazoitiwa hazina ugonjwa, zinakosa pumzi. Mkitoboa friji kupitisha mpira wa gesi, toboeni mlango, msitoboe ubavu, ubavuni mna bomba za gesi ya friji.

Binti Nansio

Naomba kuuliza kwa upande wa visiwani. Ukerewe machungwa tunayo hadi yanaozea chini ya miti. Nikikamua Nansio, nikapika, nikatia kwenye kegi, nikasafirisha kwa meli hadi Mwanza kwa mteja mwenye koki, ni saa tatu na ushee majini, ukijumlisha kupakia na kushusha ni zaidi. Meli haina friji. Barafu napata ya wenye samaki. Inawezekana?

Fundi Koki Mza

Inawezekana Binti, machungwa yana asidi, hapo una bahati. Mambo manne.

Pika hadi nyuzi 85, shikilia dakika moja ukikoroga, halafu poza haraka: sufuria ndani ya beseni la maji na barafu, badilisha maji. Inatakiwa ishuke kutoka 60 hadi 21 ndani ya saa mbili, na kutoka hapo hadi 5 ndani ya saa nne nyingine. Joto la katikati ndilo wadudu wanalolipenda, usiliache likae. Ladha itabadilika kidogo, ndiyo bei yake.

Chuja mara mbili, ya mwisho kwa kitambaa chembamba kilichochemshwa. Nyama za chungwa zinaziba koki na zinakaa kwenye kona ambazo brashi haifiki.

Ipakie ikiwa imeshalala kwenye nyuzi 2 au 3 usiku mzima, ndani ya pipa kubwa la plastiki lenye barafu na gunia limelowa juu. Kegi iliyoanza na baridi kali inafika salama. Iliyopakiwa vuguvugu haitapoa njiani kwa barafu ya kuzunguka tu.

Na hiyo barafu ya samaki ikae NJE ya kegi. Isiguse juisi, glasi wala mkono wako kabla ya kuosha. Ile imetengenezwa kwa ajili ya sangara. Maungio ya kegi yapanguswe kwa dawa kabla ya kuunganisha kapla, maana yameogelea humo safari nzima.

Binti Nansio

Nimeelewa kaka. Dawa ya kupangusa ni jiki?

Fundi Koki Mza

Jiki iliyozimuliwa sana kwa vitu vya plastiki, kisha suuza. Kwenye kegi ya chuma cha pua usiiache ikalala humo, klorini inatafuna chuma hicho inatoboa vishimo vidogo vidogo, na kila kishimo ni nyumba ya mdudu. Na watu wote mnaosoma hapa: jiki na dawa ya asidi ya kutoa magamba havikutani KAMWE. Vikichanganyika vinatoa gesi ya klorini, na wewe upo kwenye kichumba cha kaunta kisicho na dirisha.

Maji ya kuzimulia na ya kutengenezea kinywaji yachemke hasa, mapovu makubwa, dakika moja. Huku kwetu tuko juu ya mita 1,130 kutoka usawa wa bahari kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, yanatosha. Dakika tatu ni kwa wanaoishi juu ya mita 2,000.

Mzee Mabatini

Wanangu, mimi sina koki ila nasoma. Hii biashara serikali inasemaje? Isije mtu kanunua vyombo akafungiwa.

MaabaraTu

Shikamoo mzee. Tangu 2019 usalama wa chakula uko TBS (Shirika la Viwango), zamani ilikuwa TFDA (Mamlaka ya Chakula na Dawa). Ukitaka kujaza na kuuza kegi kwa watu wengine, kama Binti Nansio anavyopanga, hapo wewe ni mtengenezaji na jengo pamoja na kinywaji vinasajiliwa TBS. Wajasiriamali wadogo wanaanzia SIDO (shirika la viwanda vidogo), wanasaidiwa kufika huko. Ukiuza kwa glasi mahali pako ni leseni ya halmashauri, bwana afya, na wahudumu kupima afya. Vihifadhi kama sodiamu benzoeti vina kikomo cha kisheria, na zaidi ya hapo vinafanya kazi kwenye asidi tu. Mtu anayetia benzoeti kwenye juisi ya parachichi anatia chumvi baharini.

Mzee Mabatini

Marahaba mwanangu. Vizuri.

Jembe la Buhongwa

Fundi uliahidi gesi. Mimi nataka tangawizi yenye gesi ya kukwaruza koo. Nimesoma mtandaoni presha ya psi 12 kwenye nyuzi 4, nimefanya hivyo kwenye friji la kakangu, inatoka ya kulala doro. Gesi ya fundi wa kuchomelea.

Fundi Koki Mza

Ahaa. Hapa kuna jambo ambalo hata mafundi wengi wa mjini hawalifikirii.

Majedwali ya mtandaoni yameandikwa kwa mtu aliye usawa wa bahari. Saa ya rejuleta inasoma tofauti kati ya ndani ya kegi na hewa ya nje. Sisi hewa yetu ya nje ni nyepesi, kwa hiyo saa ikisoma 12 Mwanza, ndani ya kegi kuna presha pungufu kuliko 12 ya Dar. Unaongeza karibu psi 1 kwa kila mita 600 za mwinuko. Mwanza ongeza 2. Soma 14. Ukihamia Mbeya utaongeza tena.

Halafu hakikisha ni nyuzi 4 kweli. Gesi ya kaboni inaingia kwenye kinywaji cha baridi na inakikimbia cha moto. Psi zile zile kwenye nyuzi 10 zinakupa kitu kilichopooza, na kwenye koki kinatoka povu. Watu wakiona povu wanapunguza gesi, kinywaji kinapooza zaidi, wanaongeza, wiki nzima wanacheza na rejuleta wakati mgonjwa ni friji. Tangawizi iache siku kadhaa kwenye presha hiyo bila kuigusa.

Gesi ya kuchomelea hapana. Dai gesi ya kiwango cha chakula na mtungi wake usiwe umetumika kwa kingine. Mtungi usimame wima, ufungwe mnyororo, usikae juani: ndani yake kwenye nyuzi 20 tu mna presha ya bar 57, na joto linapandisha. Mtungi ukilazwa, gesi ya maji maji inaingia kwenye rejuleta. Na gesi ya kaboni ni nzito kuliko hewa, inalala chini. Stoo ya mtungi iwe na tundu la hewa karibu na sakafu. Kila maungio yapakwe maji ya sabuni uangalie mapovu. Mtu anaweza kulala kwenye stoo hiyo asiamke, na hakuna harufu ya kumwonya.

Kwa juisi ambazo hutaki ziwe na gesi, kama nanasi na embe, tumia nitrojeni. Ukisukuma embe kwa gesi ya kaboni siku tatu, mteja atakwambia limeanza kuchacha, kumbe ni gesi imeingia tu. Hapo utashindwa kutofautisha lililochacha kweli na lisilochacha, na hiyo ni hatari.

Baridi Safi

Hapo kwenye psi 2 za mwinuko nimejifunza kitu. Swali: koki zile za rangi ya fedha za mtumba, si zina shaba ndani?

Fundi Koki Mza

Zina shaba, juu zimepakwa kromiamu. Bia inazivumilia hadi pale kromiamu inapochubuka. Maji ya gesi, ukwaju na rozela vinatafuna shaba, na shaba ikiingia kwenye kinywaji inatapisha watu. Kwa kazi yetu hii nunueni chuma cha pua kuanzia kapla hadi mdomo wa koki. Ni ghali, najua. Anzeni na koki moja nzuri kuliko tatu za kubahatisha.

Na mpira wa tangawizi ubaki wa tangawizi maisha yake yote. Ladha inaingia ndani ya plastiki, dawa haiitoi. Ukija kupitisha kahawa ya Mama hapo utanywa kahawa ya tangawizi, labda kama ndiyo unaitaka.

Mama Kahawa

Kahawa ya tangawizi ningeipenda, lakini kwenye sufuria.

Dada wa Malimbe

Samahani naingia kati. Nina shughuli ya kaka yangu Jumamosi, ukumbi hauna friji, umeme wenyewe wa kubahatisha. Tunataka rozela na nanasi kwa koki. Rafiki yangu ana lile boksi la barafu lenye koili (bomba la kujiviringisha) ndani, juisi inapita humo inatoka baridi. Inafaa? Na je, nikitia chumvi kwenye barafu ili iwe kali zaidi kama wanavyofanya watu wa aiskrimu?

Fundi Koki Mza

Boksi la koili linafaa sana kwa shughuli ya siku moja, ila kegi nazo zikae kwenye mabeseni ya barafu. Boksi linapoza kinachopita, halilindi kilicho ndani ya kegi iliyosimama juani. Rozela na nanasi umechagua vizuri, vyote vina asidi. Vipikwe Ijumaa, vilale kwenye friji ya nyumbani, vitoke asubuhi ya shughuli. Kitakachobaki usiku kisirudi kwenye friji kuuzwa Jumapili.

Barafu ya kwenye boksi ichanganywe na maji, vipande vikavu haviigusi koili vizuri. Chumvi usitie. Watu wa bia wanaweza kuthubutu kwa kuwa pombe inachelewesha kuganda. Juisi inaganda karibu na nyuzi sifuri, kidogo tu chini yake. Ukitia chumvi barafu inashuka mbali chini ya hapo, juisi inaganda ndani ya koili, na koki inakauka wakati mshereheshaji anaita watu wa glasi juu.

Dada wa Malimbe

😂 Chumvi imeghairiwa. Koili ya rafiki yangu ni fupi, kama mita tano hivi. Wageni ni wengi.

Fundi Koki Mza

Fupi hiyo, glasi za mwanzo zitakuwa baridi, zikifuatana haraka zitatoka vuguvugu. Ninayo ya mita 15 ya chuma cha pua, njoo PM tupange uichukue Ijumaa mchana. Uilete Jumatatu ikiwa imeoshwa kwa dawa, siyo kwa maji tu.

Jembe la Buhongwa

Fundi nimepandisha hadi 14 na friji nimelivuta kutoka ukutani. Nitarudi kuwaambia.